Bi Harusi Hayupo Nyumbani

Wiki iliyopita tulimwacha Kuanju amesimama mlangoni, shada la maua mkononi, anatazama chumba kitupu. Bado amesimama palepale. Wewe msomaji umekula, umelala, umeenda kazini na kurudi, mwenzako hajapepesa macho.

Kitanda kimetandikwa. Gauni jeupe lililokuwa likining'inia kabatini halipo. Viatu havipo. Na Yachun, mwanamke ambaye Kuanju amekuja kumchukua kwa magari sita, fataki, na mwanzi mrefu wenye kipande cha nyama ya nguruwe cha kufukuzia mikosi juu ya paa la gari la mbele, naye hayupo.

"Labda yuko chooni," alisema Paopao kutoka kwenye ngazi.

"Chooni nimeangalia."

"Chini ya kitanda je?"

"Paopao, bi harusi afuate nini chini ya kitanda?"

Paopao alikuwa haoni kitu. Alizaliwa mwaka wa chui milia, na mji mzima wa Tainan unajua kwamba mtu wa mwaka huo akimtia bi harusi machoni kabla ya sherehe, ndoa inaanza kwa ugomvi. Kwa hiyo mashosti walimfunga taulo usoni tangu asubuhi, wakampakia gari la mwisho kama mzigo wa viazi. Ngazi zote mpaka ghorofa ya nne alikuwa amezipanda kwa kupapasa.

Kuanju akasukuma mlango wa chumba cha pili, chumba cha Tsaiwei. Nacho kitupu.

Hapo ndipo roho ilipomruka. Tsaiwei anakaa nyumba moja na Yachun, na kabla Kuanju hajaingia kwenye picha, Tsaiwei ndiye aliyekuwa mpenzi wa Yachun kwa miaka mitatu. Usishtuke. Kwenye kundi lao mtu akiachana na mpenzi hampotezi, anampandisha cheo tu, anakuwa ndugu. Paopao mwenyewe alipendana na Tsaiwei mwaka mzima, wakaachana kwa sababu ya paka, na paka sasa anakaa kwao kwa zamu. Kuanju na Paopao nao waliwahi kwenda sinema mara mbili wameshikana mikono, jambo ambalo wote wawili wameapa kwamba halikutokea.

"Wametoroka," alisema Kuanju. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Nani na nani?"

"Yachun na Tsaiwei. Asubuhi ya harusi yangu."

"Tsaiwei atoroke? Yule kuchagua tambi gani ale kunamchukua saa nzima, ataweza kuchagua mji wa kukimbilia?"

Kuanju hakucheka. Alikaa kwenye kitanda kilichotandikwa, suti yake ya rangi ya maziwa ikajikunja, na alikuwa anajiandaa kulia vizuri simu ilipoita.

Jina lililoonekana kwenye kioo lilimfanya asahau kulia. Alikuwa baba yake.

Mzee Chuang hampigii mtu simu. Ni mjane, anauza supu ya ng'ombe nyumbani kwake, kwenye kona ya nyuma ya hekalu, anaamka wakati wengine wanalala, na maneno yake ya wiki nzima yanatosha kwenye bakuli moja. Kuanju alipomwambia kwamba anafunga ndoa na Yachun na kwamba kiti chake ukumbini ni cha meza ya mbele, mzee hakuacha kukata nyama. Alisema neno moja tu.

"Nije kama nani?"

Basi. Kuanju akachukulia kwamba amekataliwa. Alilia mpaka kope zikavimba, halafu akajifanya hajali, lakini kiti kile hakukiondoa mezani. Ukweli ni kwamba angetoa magari yote sita na nyama yake ili baba yake aje akikalie.

"Haloo, baba."

"Uko wapi?"

"Nimetoka kidogo."

"Kwamba umetoka naona. Kuna watu hapa."

"Watu gani?"

"Magari sita. Wamelipua fataki mpaka mbwa wa jirani kapanda juu ya skuta, hataki kushuka. Kuna msichana wa gauni jeupe mlangoni kwangu, anasema amekuja kukuchukua."

Kuanju akaliweka shada kitandani.

"Nimemwambia subiri, mwenyewe anavaa," aliendelea mzee. "Nimekuja chumbani kwako. Humu kuna godoro na soksi."

Sasa ngoja nikukumbushe ugomvi wa mwezi uliopita, maana ndio uliotufikisha hapa. Nani atamchukua nani? Kuanju alisema yeye ni T, ndivyo wanavyomwita msichana wa mtindo wa kiume, nywele fupi, suti, mkono mfukoni tangu sekondari, kwa hiyo yeye ndiye aende na magari. Yachun akamuuliza imeandikwa wapi kwamba mwenye nywele ndefu ndiye akae kitandani asubiri. Walinuniana mpaka chakula kikapoa. Mwisho wakakubaliana: hakuna kuchukuana, tukutane ukumbini.

Kila mmoja akaondoka pale anachekea tumboni. Kila mmoja akakodi magari sita kwa siri ili amshtukize mwenzake. Misafara ikapishana asubuhi hii, mmoja kwa barabara ya mto, mwingine kwa barabara ya stesheni. Bwana na bibi hawawezi kufanya kosa kama hili hata wakijitahidi. Linahitaji mabibi harusi wawili.

Simu ikanyakuliwa kule upande wa pili.

"Kuanju, ni mimi Shangazi Hsiu."

Shangazi Hsiu si shangazi wa mtu. Ni mama wa kusimamia harusi, ana ua jekundu kichwani na sauti ya kusimamisha treni, na maharusi wote wa mtaa ule wamepita mikononi mwake.

"Saa njema inafungwa saa tano kamili," alisema. "Sasa hivi ni saa nne na robo. Baada ya saa tano siku imegeuka, hatoki mtu kwao."

"Basi Yachun akae hapohapo, nakuja na magari nimchukue."

"Umchukue kwa baba yako? Mtu anachukuliwa kwao, hachukuliwi kwa mkwewe. Unataka nichekwe mpaka Kaohsiung?"

"Basi aje yeye huku."

"Aje akuchukue kwenye nyumba yake mwenyewe? Na msithubutu kutoka wote wawili na hiyo mianzi. Magari ya harusi mbili yakikutana njiani, heri inapigana na heri, na mimi sitaki kesi."

Yachun akasikika kwa nyuma. "Mwambie asiondoke, nakwenda."

"Mwambie asije, nakuja mimi," alisema Kuanju.

"Kila mtu akae," alisema Shangazi Hsiu.

Kisha simu ikahama mkono tena, na safari hii sauti ilikuwa ya kunong'ona. Ilikuwa ya Tsaiwei, anaongea kama mtu aliyejificha nyuma ya mapazia.

"Kuanju, kaa chini."

"Nimekaa. Kwenye kitanda chenu. Nyumba nzima mmenikimbia, nimekaa."

"Acha maneno, sikiliza. Yachun alikwenda kwa baba yako mwezi uliopita. Peke yake, asubuhi na mapema. Alikunywa supu bakuli tatu kabla hajapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hataki kuja."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Binti ninaye mmoja. Mwenye kuchukua, baba yake anakaa nyumbani anakunywa chai, anangoja kuletewa mkwe. Mwenye kutoa binti ndiye anayemsindikiza mpaka mlango wa mbele. Sasa mimi naambiwa nije ukumbini nikae kwenye kiti. Mimi ni nani pale? Mbona hakuna mtu aliyekuja kuniomba binti yangu?'"

Kuanju aliishika simu kwa mikono miwili.

"Yachun akaweka kijiko chini," alisema Tsaiwei, "akamwomba. Palepale, mbele ya wateja. Mzee akamwambia njoo na magari. Kuanju, leo amefunga duka. Amevaa tai. Imekaa upande, lakini amevaa."

Furaha ikimpata mtu ghafla hivyo haina adabu. Kuanju alicheka, akalia, akapenga kamasi kwa utepe wa shada la maua. Mwezi mzima alikuwa anamlaumu mzee kwa kukataa, kumbe mzee alikuwa anangoja kuombwa. Na yeye Kuanju, tangu akate nywele, hajawahi kuwaza kwamba kuna mtu duniani angetaka kumsindikiza kama bibi harusi. Masikio yalimwaka, aliona haya, na alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote.

"Paopao," alisema, "nakwenda nyumbani kuchukuliwa."

Kicheko cha Paopao kikashuka ghorofa zote nne.

"T anachukuliwa. Ngoja niwaambie wa kundi la Jumapili. Tutakuvalisha shela la bibi yangu."

"Hakuna shela. Suti hiihii."

"Na kile kipepeo cha mkononi ambacho bi harusi anakidondosha dirishani mwa gari akitoka kwao, utadondosha?"

"Nitadondosha. Tupate usafiri, tutachekana baadaye."

Magari yakaamriwa yazimwe na mwanzi ushushwe. Nyama ikaachiwa jirani wa chini, ambaye kwa malipo hayo alitoa skuta yake ya rangi ya waridi. Kuanju alikuwa bado anafuta machozi, kwa hiyo Paopao akaendesha. Taulo ikatolewa kwa muda.

"Wewe si bi harusi sasa?" aliuliza Paopao, ameshika usukani. "Mimi si sitakiwi kukutazama?"

"Tazama barabara."

"Nitakuwa sikutazami, lakini nakusikia, na unanuka kama duka la maua."

Walikata vichochoro, wakapita katikati ya vibanda vya soko, suti ya maziwa ikipepea nyuma kama bendera. Saa nne na dakika ishirini na tano. Walipotokea kwenye barabara ya hekalu wakakuta imefungwa. Mungu wa mtaa alikuwa anatembezwa siku hiyo. Ngoma, moshi, na kiti chake cha enzi kimebebwa mabegani mwa wanaume, kinayumba huku na huku. Katikati ya barabara watu wamepiga magoti kwa mstari mrefu, wanangoja kiti kipite juu ya migongo yao wapate baraka. Hakuna pa kupenya.

Bibi mmoja aliyekuwa kwenye mstari akamvuta Kuanju mguu wa suruali.

"Bwana harusi, piga magoti, mungu anakuja."

"Bibi, nina haraka."

Bibi alimtazama vizuri. "Kumbe ni msichana. Haya, piga magoti vilevile."

Akapiga. Paopao akapiga pembeni yake na helmeti kichwani. Kiti cha enzi kikapita juu, matamvua yake yakawafagia visogo, na kilipokwisha kupita barabara ikawa wazi. Bibi akasimama akijikung'uta.

"Anaolewa na nani?" alimuuliza Paopao.

"Na msichana mwingine, bibi."

"Kwao mbali?"

"Pingtung."

"Pingtung joto," alisema bibi, akaenda zake.

Waliingia kwa mlango wa jikoni, kupitia uchochoro wa nyuma, ili Yachun aliyekuwa mbele ya nyumba asione kitu. Mzee Chuang alikuwa amesimama kando ya sufuria ya mifupa. Tai ilikuwa imekaa upande kweli.

Alimtazama bintiye kuanzia nywele mpaka magotini, na magoti yalikuwa meusi.

"Umechelewa," alisema. "Kaa ule."

Mezani palikuwa na bakuli la vitonge vya unga wa mchele, vyekundu na vyeupe, kwenye maji ya sukari. Chakula ambacho binti anakula na wazazi wake kabla hajatoka kwao. Mzee alikuwa amevifinyanga mwenyewe, na kwa kuwa mikono yake imezoea nyama, kila kimoja kilikuwa kikubwa kama yai la bata. Kuanju alikula viwili. Baba yake akala viwili. Kuanju hakukumbuka kama amewahi kula na baba yake wakiwa wamekaa wote wawili, duka limefungwa.

"Baba, ningejua ningekuomba mimi mwenyewe uje unisindikize."

"Ungejua wapi. Sikusema." Alisafisha koo. "Hata mimi nina makosa yangu."

Kwa mzee Chuang hiyo ilikuwa hotuba.

Nje Shangazi Hsiu akagonga mlango wa chuma kwa ngumi. Saa nne na dakika hamsini. Mzee akaukunja mlango ukapanda juu ukilia, na mwanga wa barabarani ukaingia pamoja na Yachun. Alikuwa amevaa gauni jeupe na raba, maana viatu vilimshinda tangu asubuhi. Nyuma yake Tsaiwei alikuwa ameshika mwanzi kama mlinzi wa benki. Paopao akajifunga taulo haraka, akageukia friji la nyama.

Yachun alimwona Kuanju, na kicheko kikamtoka kabla ya salamu.

"Magoti yako."

"Ulisema tukutane ukumbini."

"Na wewe ulisema hivyohivyo, mwongo mkubwa."

"Nyamazeni," alisema Shangazi Hsiu. "Mzee, wazee waambiwe, tutoke."

Hapo ndipo penye kazi. Binti hatoki kwao mpaka waliotangulia wameambiwa. Ukutani, juu ya madhabahu ya familia, ilitundikwa picha ya babu, mtu aliyekufa akiuliza nywele za Kuanju zitaota lini. Mzee Chuang akawasha vijiti vya udi, akavishika mbele ya uso, akasema haraka haraka kama anayesoma bei.

"Baba, Kuanju anaolewa leo. Na mtu wa Pingtung. Tunakuarifu."

Akachukua vibao viwili vyekundu vya umbo la mwezi mwandamo, vya kuwauliza waliotangulia, akavitupa sakafuni. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, wazee wamekubali. Vyote kifudifudi, wamekataa. Vilianguka vyote chali.

"Anacheka," alisema Shangazi Hsiu.

"Anacheka nini?"

"Swali hajalielewa. Tupa tena."

Akatupa tena. Vyote chali. Babu anacheka mara ya pili, na saa ya ukutani haingoji mtu.

"Mzee," alisema Shangazi Hsiu, taratibu kuliko kawaida yake, "umesema 'mtu wa Pingtung'. Pingtung kuna watu wengi. Mwambie vizuri."

Miaka yote aliyoishi Kuanju na baba yake, jambo la yeye kupenda wanawake halijawahi kutamkwa humo ndani, si kwa wema wala kwa ubaya. Mzee Chuang aliitazama picha. Kisha akamwita Yachun kwa mkono, akamsimamisha ubavuni kwake ili babu amwone.

"Baba," alisema, na sasa hakuwa na haraka. "Anaolewa na mwanamke. Anaitwa Lai Yachun. Alikuja kuniomba kwa heshima zaidi kuliko mimi nilivyokwenda kumwomba mama yake Kuanju kwao. Wanapendana, nimewatazama. Nakuuliza kwa adabu kwa sababu wewe ni mkubwa. Lakini ruhusa, mimi baba yake nimeshatoa."

Yachun alikuwa analia waziwazi na wanja umemfika kidevuni. Kuanju alimshika baba yake mkono wenye vibao, akaushika tu, na mzee akamwachia aushike. Kisha akatupa.

Cha kwanza kikaanguka chali. Cha pili kikagonga mguu wa meza, kikaruka, kikazunguka sakafuni kama sarafu, kikapotelea chini ya friji la nyama.

"Kuna nini?" aliuliza Paopao ndani ya taulo. "Mbona kimya? Amekubali?"

Saa tano kasoro dakika tatu. Mzee Chuang alipiga magoti na tai yake, lakini mgongo ukakataa kumfikisha chini. Yachun akamtangulia. Alilala kifudifudi kwenye sakafu ya duka la supu, gauni jeupe na kila kitu, akaingiza simu yenye tochi chini ya friji.

"Nakiona, baba," alisema. "Msiliguse friji. Mtu yeyote asikanyage hapa."

"Kimelalaje?" aliuliza Kuanju.

Mabega ya Yachun yalianza kutikisika kwa kicheko.

"Yachun. Kimelala kifudifudi au chali?"

"Hakijalala." Akageuza uso, nusu umejaa vumbi. "Shangazi Hsiu, kibao kikisimama wima chenyewe, hakijaegemea kitu, wazee wanakuwa wamesemaje?"

Shangazi Hsiu, ambaye tangu asubuhi alikuwa na jibu la kila jambo, akavuta kigoda cha wateja, akakaa.